Msaada wa Kodi ya Mauzo na Swali la Ménage, Avenue Masuku

KAMATI YA AVENUE MASUKU
KOMINI ANNEXE, LUBUMBASHI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE

Siku: Jumapili, tarehe 16 Machi
Mahali: Baraza ya Mama Chola, lupango (kiwanja) la tatu kutoka bomba la maji
Saa: Kilipangwa kuanza saa nane mchana. Kilianza karibu saa tisa, kwa kuwa ibada ya kanisa la Mama Domitille ilichelewa kutoka.

WALIOHUDHURIA
Papa Numbi, Mwenyekiti, mstaafu wa kampuni ya shaba
Mama Chola, Makamu, mwenye lupango
Mama Domitille, Mtunza hazina, mwenye depo ya unga
Papa Kalenga, Mjumbe, fundi cherehani
Aristote, Mtangazaji wa avenue, mwenye megafoni
Kasereka, Mwandishi, mpakizi wa mizigo

WALIOALIKWA
Paluku na Kambale, wapakizi wa mizigo, wapangaji wa Mama Chola

ASIYEKUWEPO KWA UDHURU
Léonard, dereva. Alipiga simu kutoka Kasumbalesa, mpakani, kwamba yuko kwenye foleni ya malori, nyuma ya lori ambalo dereva wake ameenda kuoga na hajarudi.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kumwomba Mama Domitille asali. Mama Domitille aliombea Lubero, akaombea Butembo, akaombea barabara zote zilizofungwa tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi, akaombea na madereva wa barabara hizo. Mama Chola aliuliza kwa sauti ya chini kama Mungu hakupewa nakala ya ajenda. Mama Domitille alisema Amina.

KUMB. NA. 2/4: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU

Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa. Papa Kalenga alipinga mahali palipoandikwa kwamba "alipiga kelele" kuhusu mfereji. Alisema hakupiga kelele, sauti yake ndivyo ilivyo tangu kuzaliwa. Aliyasema haya kwa namna ambayo mbwa wa jirani alijibu. Mwenyekiti aliagiza iandikwe "alisema kwa nguvu". Kumbukumbu zilithibitishwa.

Mfereji wenyewe bado umeziba.

KUMB. NA. 3/4: KODI YA MAUZO NA MSAADA WA SERIKALI

Mwenyekiti alieleza kwamba kodi ya mauzo, ile inayoitwa TVA, imepandishwa, na kwamba kila mjumbe ameiona sokoni bila kuelezwa. Alisema Serikali nayo imeona, na sasa imeandika barua kwamba itatoa msaada wa fedha kwa kila ménage, kama barua inavyosema kwa Kifaransa, ili watu waweze kustahimili. Fedha zitapita kwenye simu ya kichwa cha ménage. Kiasi hakikutajwa. Kamati ya kila avenue inatakiwa kuamua nani ni ménage na nani siyo, na ajenti wa usajili atapita kesho Jumatatu asubuhi kuchukua fomu. Avenue ambayo haitakuwa tayari itarukwa.

Papa Kalenga alisema kodi imepanda mara moja lakini bei ya unga katika depo ya Mama Domitille imepanda mara mbili, na kwamba angependa kujua hiyo mara ya pili ilipandishwa na Serikali gani.

Mama Domitille alijibu: "Papa Kalenga, bunga inapita ku mupaka, inalipa. Inashuka mu lori, inalipa. Inafika hapa, inalipa tena. Weye unashona mapatalo na nyuzi ya mwaka jana, na bei yako ilipanda vilevile."

Papa Kalenga alisema nyuzi zake si za mwaka jana.

Mwandishi, ambaye ndiye hushusha unga huo kutoka kwenye malori, aliulizwa kama ana la kusema. Alijibu kwamba gunia halijapungua uzito.

KUMB. NA. 4/4: NENO "POSHO" LILILOTANGAZWA NA ARISTOTE

Mwenyekiti alimtaka Aristote aeleze kilichotokea siku ya Ijumaa. Aristote alikiri kwamba alipita na megafoni akitangaza: "Serikali inaleta posho! Kila ndoa itapata posho yake!" Matokeo yake, jioni ile wazee wa avenue nzima walikuja mbele ya nyumba ya Mwenyekiti na magunia, mabeseni na chupa za mafuta. Walipoambiwa kwamba hakuna unga, hawakuondoka. Walikaa juu ya magunia yao hadi giza.

Mwenyekiti alisema posho ni posho, si fedha ya simu, na mtu hachezi na neno hilo mbele ya wazee wa mji huu.

Aristote alijitetea: "Papa Mwenyekiti, nilianza na 'musaada'. Hata muntu moya hakugeuka. Nikasema 'posho', avenue yote ikatoka. Sasa neno ya muzuri ni gani?"

Kisha Mwenyekiti alieleza, kwa ajili ya wajumbe vijana na wale waliotoka mbali, posho ilikuwa nini. Alisema kampuni ilimpa kila mfanyakazi chakula cha jamaa yake mbali na mshahara. King'ora kililia, na wanawake wa kambi ya wafanyakazi walitoka pamoja na magunia meupe yaliyofuliwa, kwa sababu kwenda kwenye posho na gunia chafu ilikuwa aibu ya mtaa mzima. Unga wa njano ulimwagwa kutoka kwenye ndoo ya chuma, na karani alipitisha kipande cha ubao juu ya ndoo ili usizidi. Kulikuwa na maharagwe, chumvi, mafuta ya mawese, na samaki mkavu ambaye harufu yake ilifika nyumbani kabla ya mama. Alisema mama yake alijua namba ya kazi ya baba kama jina lake la pili, na siku akimkasirikia alimwita kwa namba.

Papa Kalenga, ambaye alizaliwa katika kambi ileile, aliongeza habari ya mkate wa watoto wa shule, kwamba ulikuwa bado na moto wa tanuri na walikuwa wakiuficha ndani ya shati. Mwenyekiti alisema hakukuwa na mkate siku za samaki. Papa Kalenga alisema ulikuwepo. Mjadala huu ulichukua muda. Mwishoni wote wawili walikubaliana kwamba samaki alikuwa mkubwa.

Mama Chola alisema kwao hawakupata posho hata siku moja, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wakulima wa hapahapa, tangu avenue hii ilipokuwa shamba la mihogo. Lakini alisema siku ya posho hata wao walikula vizuri. Wanawake wa kambi walikuja na mafuta, mama yake akatoa mboga za lengalenga na uyoga, wakabadilishana mpaka jioni, na hakuna aliyeshika franka mkononi. "Ile siku ata shiye benye hatukukuwa na kitu ku kampuni, tulikuwa tunanukia mafuta," alisema.

Mwenyekiti alizungumza tena kwa muda mrefu. Alipomaliza, alibaki akitazama upande wa kambi, ingawa kutoka kwenye baraza ya Mama Chola kambi haionekani.

Azimio: Aristote apite tena leo jioni, aseme "musaada wa simu", na asitaje posho. Aristote aliuliza kama awaambie wazee warudishe magunia ndani. Mwenyekiti alisema wazee wajiamulie wenyewe.

KUMB. NA. 5/4: MÉNAGE NI NINI

Mwandishi alisoma barua tena. Barua inasema "kila ménage" na haielezi zaidi. Ajenti alipopita Alhamisi aliulizwa ménage ni nini. Alijibu kwamba ménage ni ménage, akawasha pikipiki.

Aristote alitafsiri kwa megafoni kuwa ni ndoa. Tangu Ijumaa jioni, mume na mke wa avenue hii walioachana tangu Noeli wameonekana wakiteka maji pamoja. Kamati inawatakia mema.

Papa Kalenga aliunga mkono tafsiri ya Aristote: "Ndoa njo ndoa. Bwana na bibi. Mwenye hana bibi hana ménage, iko na kitanda tu."

Mama Chola alimwuliza: "Na weye, Papa Kalenga, mwenye uko na mama wa hapa na mama wa kule ku matofali, uko na ménage ngapi?"

Papa Kalenga alijibu kwamba ni mbili.

"Sasa naelewa juu ya nini unapenda ndoa hivi," alisema Mama Chola.

Papa Kalenga aliomba swali hilo lisiandikwe. Mwenyekiti alisema kila kitu kiandikwe isipokuwa tusi, na hilo halikuwa tusi.

Mama Domitille alipendekeza hesabu ifuate lupango: kila kiwanja kiwe ménage moja, na mwenye kiwanja awagawie wapangaji. Alisema hiyo ndiyo rahisi. Wajumbe walimgeukia Mama Chola, kwa sababu pendekezo hilo lingemfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Mama Chola alilikataa.

"Lupango haina kinywa," alisema. "Mu lupango yangu kuko bantu, kuko kuku, kuko na ile choo yenye kuanguka. Ménage ni mbabula. Benye banapika ku mbabula moya na banakula mu sahani moya, bale njo ménage. Hata kama ni bwana na bibi, ule anapika hapa na ule anapika pale, ile ni majirani."

Mwenyekiti alisema maneno hayo yamemkumbusha utaratibu wa kampuni. Vijana waliokuja kazini bila wake waliwekwa wanne katika nyumba moja. Siku ya posho hawakuambiwa warudi wakaoe kwanza. Walipewa beseni moja kwa nyumba nzima, na karani aliita, "Nyumba ya bantu bane!" nao wakaja wakicheka. "Kampuni haikuuliza unalala na nani," alisema. "Iliuliza unakula na nani."

Aristote alitoa tahadhari: "Muone basi. Kesho asubuhi kila chumba kitawasha mbabula yake, hata ya kupika maji."

Mama Chola alijibu: "Bawashe! Makala ya kupikia ilipanda kupita bunga. Mwenye atawasha mbabula ya bongo, ya kudanganya, musaada yake itaisha mu moshi mbele ajenti afike."

Kura zilipigwa. Papa Kalenga alipinga. Mwandishi hakupiga kura kwa sababu alikuwa anaandika. Wengine wote walikubali.

Azimio: Katika Avenue Masuku, ménage ni watu wa mbabula moja, yaani jiko moja la makaa.

KUMB. NA. 6/4: WAPAKIZI WATANO WA LUPANGO LA MAMA CHOLA

Mwenyekiti alisema nyumba nyingine zote za avenue zinajulikana na fomu zao zimejazwa. Imebaki chumba cha mwisho katika lupango la Mama Chola, wanamokaa wapakizi watano kutoka Kivu ya Kaskazini. Hakuna mwanamke, hakuna mtoto, na hakuna undugu wa damu kati yao. Mmoja wao ni Mwandishi; wawili walio wadogo walikuwa bado wanashusha lori.

Papa Kalenga alisema haiwezekani Mwandishi aandike shauri lake mwenyewe. Mwenyekiti alikubali na kuagiza kalamu ipewe mtu mwingine. Aristote alisema amesahau miwani. Aristote havai miwani. Mama Domitille alisema mwandiko wake ni wa tarakimu tu. Papa Kalenga alisema yeye amezoea chaki ya kukatia nguo. Kalamu ilirudi kwa Mwandishi kwa sharti kwamba asijipendelee. Mwandishi anaandika alivyosikia.

Mama Chola alitoa ushahidi kwamba wapakizi wana mbabula moja na sufuria moja. Alisema anajua kwa sababu kila jioni anawasikia wakigombana nani apike bukari, yaani ugali. "Na banapika nguvu sana," alisema. "Bukari yabo unaweza kujengea nayo nyumba." Paluku, ambaye ndiye mkubwa wa chumba hicho, alisema bukari laini haibebi gunia.

Papa Kalenga alisema: "Tusijidanganye. Bale ni bakuyakuya. Leo banabeba mizigo hapa, kesho njia inafunguka, banarudia kwabo. Musaada ya hapa iende kula Kivu?"

Bakuyakuya ni neno la mji huu kwa watu waliokuja kutoka kwingine. Linasemwa pia kwa utani. Hapa halikusemwa kwa utani.

Mama Domitille, ambaye naye ni wa Kivu, alisimama na kuchukua kiti chake. Mwenyekiti alimwomba akae. Alikaa, lakini aliweka kiti upande mwingine wa baraza, mgongo ukimwelekea Papa Kalenga, na alibaki hivyo hadi mwisho wa shauri hili.

Paluku aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. Alisema: "Papa Kalenga, mimi naomba Mungu ile njia ifunguke kesho asubuhi. Ikifunguka, muchukue musaada yenu yote, na mbabula nitakuachia weye."

Mwenyekiti alimwuliza kwao kukoje. Aliuliza kwa upole, na Paluku akajibu kwa kirefu kuliko alivyokusudia. Alieleza kwamba kwao ni juu, kwenye milima ya Lubero, na saa kama hii Jumapili watu wamevaa makoti. Baridi inashusha moshi wa mikalitusi, unalala bondeni, haupandi. Mtu akitoka ibadani upande wa pili wa bonde, mke wake anamjua kwa kikohozi kabla hajamwona, na anaanza kumenya viazi. Alisema viazi vya huko vinatoka ardhini vikinuka ardhi, na ukivichemsha bado vinanuka hivyo, na harufu hiyo inaingia mpaka kwenye blanketi. Viazi vya Lubumbashi havinuki kitu. Alisema kila akinunua viazi hapa huvinusa kwanza, na muuzaji humcheka.

Kambale, mpakizi wa pili kwa umri, aliongeza habari ya vitunguu vya majani, kwamba asubuhi walivisomba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, wakishuka mlima huku wanaimba ili watu watoke njiani. Alisema breki ilikuwa ni kandambili.

Mwandishi anathibitisha kuhusu viazi.

Mwenyekiti alimgeukia Papa Kalenga na kumwuliza baba yake alizaliwa wapi. Papa Kalenga alisema Kongolo. Mwenyekiti alisema baba yake yeye alizaliwa Malemba-Nkulu, na kwamba wote wawili waliletwa na treni, wakapewa blanketi, sufuria na posho.

"Kalenga, ndugu yangu," alisema Mwenyekiti, "weye na miye tuko bakuyakuya ba kampuni. Na kampuni ilipolala, tulirudia wapi? King'ora kiliacha kulia, tukabaki palepale tunangoja kilie."

Mama Chola alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. Alisema: "Basi mwenye kwabo ni hapa niko miye peke yangu. Boote muniombe ruhusa ya kukaa! Na Mwenyekiti aanze."

Mwenyekiti alivua kofia na kumwomba ruhusa. Mama Chola alimpa.

Papa Kalenga alishusha sauti kwa kiasi ambacho hakijawahi kuandikwa katika kumbukumbu za kamati hii. Kisha alisema hafuti neno lake, kwa kuwa neno lililosemwa limesemwa, lakini kura yake ni pamoja na wengine.

Azimio: Wapakizi watano wa lupango la Mama Chola ni ménage moja.

KUMB. NA. 7/4: KICHWA CHA MÉNAGE YA WAPAKIZI

Aristote alitoa fomu na kuisoma, akiitafsiri kutoka Kifaransa, safari hii polepole. Alipofika mstari wa mwisho, unaotiwa sahihi na kichwa cha ménage, alisoma hivi: "Nathibitisha kwamba hii ndiyo ménage yangu, na kwamba sina ménage nyingine mahali pengine popote nchini."

Papa Kalenga aliomba mstari huo usomwe tena. Ulisomwa. Alisema atazungumza na ajenti faraghani.

Mwenyekiti aliuliza nani atatia sahihi kwa niaba ya wapakizi. Mama Domitille alieleza kwamba kwao jina lenyewe linaonyesha zamu ya kuzaliwa: Paluku ni jina la mtoto wa kwanza wa kiume, Kambale la wa pili, Kasereka la wa tatu. Kwa hiyo, ingawa hawakuzaliwa nyumba moja, mkubwa anajulikana. Mwenyekiti alisema huo ni utaratibu mzuri na akampa Paluku kalamu.

Paluku alishika kalamu, akaitazama fomu, akairudisha.

Mama Domitille alimwambia: "Tia mukono, mwanangu. Munateseka. Bunga ninayo ku depo lakini siwezi kuwapa kila siku."

Paluku alijibu: "Mama, mimi niko na ménage. Iko Butembo, mu salle, ile nyumba kubwa ya kanisa. Ni Deborah na batoto bane, banalala chini. Kila Jumapili ananipigia na simu ya muchungaji. Nikiandika hapa kama haiko, nani ameiua? Vita bado haijaiua."

Aristote alisema: "Yaya Paluku, mukubwa wangu, ni karatasi tu. Deborah hataisoma."

"Mimi nitakuwa nimeisoma," alisema Paluku.

Kalamu ilipewa Kambale. Kambale alieleza kwamba alitoa mbuzi kwa baba wa msichana mmoja kabla ya barabara kufungwa. Simu haiingii tena, na hajui kama msichana bado anangoja. Lakini mbuzi waliliwa, na mtu ambaye mbuzi wake wameliwa hawezi kusema hana ménage. Papa Kalenga alisema kwa desturi hilo ni kweli kabisa, hata kwao, kwa Waluba. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo Papa Kalenga na wapakizi wamekubaliana bila kura.

Mama Chola alisema basi awaandike wote kwenye fomu yake. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kamati imetoka kupitisha kwamba ménage ni mbabula, na wapakizi wana mbabula yao. Mama Chola alisema sheria aliyoitunga mwenyewe imemuuma mkono.

Mwenyekiti alisema ikikosekana sahihi, ajenti atakapopita kesho chumba hicho kitarukwa, na mjadala wote wa leo utakuwa wa bure. Alisema hamlazimishi mtu. Paluku alisema anajua, na aliomba msamaha kwa wenzake kwa sauti ambayo Mwandishi aliisikia kwa kuwa ameketi karibu.

Mama Domitille alisema kwamba kwa zamu ya majina anafuata Kasereka, yaani Mwandishi.

Mwenyekiti alimwuliza Mwandishi kama ana mtu kule. Mwandishi alijibu kwamba alikuwa na mama.

Mwenyekiti aliuliza: "Alikuwa?"

Mwandishi alieleza kwamba mama yake alifariki njiani mwezi wa pili, watu walipokuwa wanakimbia kushuka kutoka milimani. Alizikwa kando ya barabara na watu wasiomjua, kwa haraka, kwa sababu nao walikuwa wanakimbia. Nyumba imeungua. Baba alikufa zamani. Hakuna mwingine.

Mama Domitille aliuliza habari ilimfikia lini. Mwandishi alisema ilimfikia kwa simu, mchana, walipokuwa wanashusha unga kwenye depo yake. Mama Domitille aliuliza kwa nini hakusema. Mwandishi alijibu kwamba lori lilikuwa halijaisha.

Paluku na Kambale walisema nao hawakujua. Paluku alisema wanalala mkeka mmoja. Mwandishi aliliandika hilo.

Mwenyekiti alisimama, na wajumbe wote wakasimama. Aristote alizima megafoni, ambayo ilikuwa ikivuma tangu mwanzo wa kikao bila mtu kuiona. Mama Domitille alitaja jina la mama yake Mwandishi, baada ya kumwuliza. Hakusali sala ndefu.

Walipokaa, Mwandishi alichukua fomu na kutia sahihi. Kwa upande wake kila neno la mstari wa mwisho ni kweli.

Azimio: Kichwa cha ménage ya wapakizi ni Kasereka.

Paluku alisema: "Haya, Papa wa nyumba. Batoto bako banakula nini leo?"

Kambale alicheka kwanza, kisha Mama Chola, kisha wengine. Mwandishi alijibu: bukari.

Kambale aliuliza: bukari na nini?

Mwandishi alisema hilo litajadiliwa nyumbani, na kwamba wajumbe wa nyumba hiyo wafike wakiwa wamenawa mikono.

KUMB. NA. 8/4: KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya Mwenyekiti na moshi wa mbabula ulikuwa umeanza katika malupango ya jirani, Mwenyekiti aliwaruhusu wajumbe kwenda kupika. Ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni.

Papa Numbi
Mwenyekiti

Kasereka
Mwandishi